Tajiri anahama, mbwa anabaki: unajitwika miaka mingapi?

SWALI: Daktari, kwa miaka sita nimekuwa mlinzi na mtunza bustani wa Mtaliano mmoja hapa Malindi. Sasa anarudi kwao moja kwa moja, na anataka kuniachia mbwa wake, jike la German shepherd la miaka minne, pamoja na fedha za kumtunzia. Mbwa amenizoea sana. Mimi nimepanga vyumba viwili Kisumu Ndogo na nina watoto watatu. Nikimchukua, hili ni jambo la muda gani, na ni lipi ambalo watu hulisahau?

JIBU: Ndugu yangu, nashukuru kwamba umeuliza kabla ya kuitikia, kwa kuwa wengi hunijia baada ya tajiri kupanda ndege. Mbwa wa jamii hiyo akitunzwa vizuri huishi baina ya miaka 9 na 13, kwa hiyo huyo wako ana miaka 5 hadi 9 mbele yake. Mtoto wako aliye darasa la kwanza leo huenda akamaliza shule ya msingi mbwa angali yupo mlangoni.

Tuanze na chakula, maana hicho kinahesabika. Mbwa wa kilo 30 hula takriban gramu 400 za chakula kikavu kwa siku, yaani kilo 12 kwa mwezi, na kwa miaka 8 ni zaidi ya tani moja. Unaweza kumpikia ugali kwa dagaa au matumbo badala ya chakula cha dukani, lakini ugali mtupu haumtoshi, na mifupa iliyopikwa usimpe kabisa kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha vinavyotoboa utumbo. Fedha atakazokuachia tajiri kwa mkupuo zitaonekana nyingi siku ya kwanza. Zigawe kwa miezi ya miaka hiyo yote ndipo uone zilivyo. Mimi ningependelea akutumie kiasi kidogo kila mwezi, na kabla ya kuondoka alipie mwenyewe chanjo, kipimo cha damu na upasuaji wa kumfunga kizazi ikiwa hajafungwa. Mimba ya mbwa ni siku 63 tu, na huko mtaani madume hayangoji kualikwa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hurudiwa kila mwaka, na katika hili sina msamaha, hasa penye watoto. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vitokanavyo nao ifikapo 2030, na ili ukome kuenea inatakiwa angalau asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa. Wafundishe watoto kwamba yeyote akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, awe wenu au wa jirani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kazi utakayoifanya mara nyingi kuliko zote, hata hivyo, ni ya kupe. Kupe wa mbwa wa kahawia haishi majanini peke yake. Huingia katika nyufa za ukuta, na jike moja lililoshiba hutaga mayai kwa maelfu, kwa hiyo nyumba ya vyumba viwili huvamiwa upesi. Kila jioni pitisha vidole kinyume cha manyoya, uangalie ndani ya masikio, chini ya ukanda wa shingo na baina ya vidole vya miguu. Aliyeshiba utamhisi kama punje ya kunde, rangi ya kijivu. Mshike kwa kibanio karibu na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumkamua wala kumchoma. Kisha inua mdomo wa mbwa, bonyeza ufizi kwa kidole gumba: hugeuka mweupe, na ukiachia, rangi ya waridi hurudi ndani ya sekunde 2. Ufizi ukiwa umepauka, au mbwa amekataa chakula, au anatokwa damu puani, mlete upesi, kwani homa za kupe hutibika zikiwahiwa. Na tafadhali usimwogeshe dawa ya ng'ombe. Nimewahi kumpokea mbwa aliyeogeshwa dawa hiyo iliyopimwa kwa macho, akitetemeka asiweze kusimama.

Mwenye nyumba wako je, amekubali? Hili hulisahau wengi. Wengi wetu hapa Pwani tunafuata madhehebu ya Shafii, ambayo chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja wapo kwa udongo. Mbwa awe na vyombo vyake na mahali pake ua wa nyuma, penye kivuli cha mti, si kibanda cha mabati, kwani joto la Februari na Machi ni adha kwa mnyama mwenye manyoya mazito. Mengine mwulize shekhe na mwenye nyumba kabla, ili mbwa asije akafukuzwa nanyi mkafukuzwa naye.

Lisemwalo kidogo zaidi ni uzee. Jamii hii ina udhaifu wa nyonga, na huenda akifika miaka 9 ashindwe kuinuka asubuhi bila kusaidiwa. Hapo hatalinda tena, ilhali atahitaji dawa za maumivu, ambazo usimpe zile za watu, na mkono wa kumwinua. Jiulize kwa ajili ya mwaka huo, kwa sababu huu wa sasa ni mwepesi. Ikiwa jibu ni hapana, mwambie tajiri leo, angali na muda wa kumtafutia mwingine.

Ikiwa ni ndiyo, mlete pamoja na kadi yake ya chanjo, na tajiri mwenyewe awepo. Mbwa huyu aliwahi kuugua nini, anakula nini, anaogopa nini: hayo anayajua yeye, na akishaondoka hatutakuwa na wa kumuuliza.