Mapezi ya kuogelea: anza na kisigino, bapa baadaye

Ndugu, umeuliza iwapo ununue mapezi yaliyozidi namba moja kwa kuwa ya namba yako yanakubana vidole, na umeeleza kuwa utaanza kwa kuogelea kwa snokeli (bomba la kupumulia) juu ya matumbawe, kisha usome kozi ya kuzamia kwa mtungi wa hewa. Mimi huongoza wageni majini huku Unguja, upande wa Mnemba, na ushauri wangu ni kwamba usipandishe namba kabla hujajaribu pezi la kiwanda kingine. Kila kiwanda kina umbo lake la kiatu, yaani sehemu ya pezi inayoingia mguu, na sisi tuliokulia pekupeku aghalabu tuna mguu uliotanuka mbele, hivyo ukiongeza namba utapata nafasi ya vidole lakini kisigino kitabaki kinaelea.

Kisigino kinachoelea ndicho chanzo cha taabu nyingi. Kila unapopiga mguu, kinapanda na kushuka ndani ya kiatu na ngozi inachubuka. Nawe, bila kujua, unakunja vidole ili pezi lisichopoke, mpaka wayo na shavu la mguu vinakakamaa ukiwa mbali na boti. Pezi linalobana nalo hutia ganzi, hasa likikandamiza juu ya mguu, mahali ambapo wanunuzi wengi hawapakagui.

Jaribu alasiri, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa shughuli za siku. Vaa mapezi ya kiatu kizima, yaani yanayofunika mguu mpaka kisigino, ukiwa umelowesha miguu, kaa, nyoosha mguu na uutikise kwa nguvu. Kisha simama na uinuke kwa ncha za vidole. Kisigino kisichomoke, vidole visikunjwe, na hata baada ya dakika kadhaa kusiwe na sehemu inayochoma. Anayekwambia kwamba mpira utalegea wenyewe anataka kuuza tu.

Kuhusu aina, mapezi ya kiatu kizima yanamtosha anayeshukia majini kutoka kwenye boti, kwa kuwa bahari yetu ina joto la kutosha kuogelea miguu mitupu. Hali ni tofauti Paje au Jambiani, ambako maji yakipwa, hasa siku za bamvua, utatembea mwendo mrefu juu ya miamba na mawe yenye viumbe wa miiba mirefu kabla ya kufikia maji ya kina. Hapo unahitaji buti za neopreni (mpira laini wa mavazi ya kuzamia), na buti hazivaliki pamoja na kiatu kizima. Zinataka pezi lililo wazi kisigino, lenye mkanda. Kwa kuwa kozi ya mtungi umeshaipanga, na kama fedha yako ni ya jozi moja tu, mimi ningenunua hilo la mkanda, ingawa ni zito zaidi mkononi na kwenye mizigo ya ndege.

Lakini buti inunuliwe kwanza, halafu pezi lijaribiwe juu ya buti ileile, maana neopreni ya milimita 5 hujaza kiatu kuliko ya milimita 3, na herufi za M au L hazilingani baina ya viwanda. Buti iingie mpaka karibu na mwisho wa kiatu bila kuyumba kulia na kushoto. Mkanda kazi yake ni kushika kisigino tu. Kiatu kikiwa kipana, hata ukaukaze vipi pezi litazunguka mguuni. Mkanda wa springi ya chuma una bei, ila ni rahisi kuuvaa boti inapoyumba.

Bapa, yaani ile sehemu pana ya pezi inayosukuma maji, lisikuumize kichwa. Chukua la urefu na ugumu wa wastani, na yale marefu sana waachie wazamiaji wa pumzi moja, kwa kuwa bapa gumu kwenye miguu isiyozoea huleta mkakamao hata pezi likiwa limekukaa sawasawa.