Fundi Redio Anajibu: Skana inanguruma tu, mbio sizisikii

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Moshi, Majengo. Mjomba karudi toka Marekani kaniachia skana ya redio ile ya mkononi, inayodaka watu wakiongea kwenye redio koli, nikasema mwaka huu Kilimanjaro Marathon naifuatilia nimekaa zangu kibarazani, nawasikia jamaa wa barabarani wakiambiana nani anaongoza. Siku ya siku nimebonyeza kila kitufe mpaka cha hali ya hewa, shshshsh tu hadi watu wanamaliza pale uwanja wa Ushirika. Ni mbovu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla ya yote, chaja yake umeiangalia? Umeme wa kwao ni volti 120, wetu 230, geuza adapta usome nyuma, ikiandikwa 100-240 chomeka, ikiandikwa 120 peke yake usithubutu. Mi moja ilinifia mkononi hivyo hivyo, moshi umetoka hata sijaiwasha.

Skana yenyewe nadhani nzima. Kitufe cha hali ya hewa kinatafuta vituo vya Marekani vya megahezi 162, huku havipo, ungekaa hapo mpaka Pasaka. Redio koli za shughuli kama hizi mara nyingi ziko kati ya 136 na 174 au 400 na 470. Halafu ile skwelchi, kidude cha kukata mngurumo kusipokuwa na anayeongea, naona uliiachia wazi ndo maana inanguruma, unaizungusha pole pole, shshsh ikikata tu hapo hapo unaacha, ukizidisha na walio mbali nao wanakatika. Na kibarazani umezungukwa na kuta na mabati, mawimbi hayo hayapindi kona bwana. Ukisikia kama mtu anakwaruza sufuria basi hao wanatumia dijitali, skana ya analogi haiambulii neno.

Ila sasa, usianze kusachi kesho. Sheria ya mawasiliano ya kielektroniki ya 2010 haitaki mtu adake mawasiliano yasiyo yake bila kibali, na za polisi ndo usiguse kabisa, panda Arusha uwaulize TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kanda ya kaskazini, kuuliza si kosa.

Mbio zenyewe mwakani omba kujitolea meza ya maji, jisogeze karibu na mwenye redio koli, utasikia yote na jasho la kiongozi likurukie.