Mwanangu, hata ile ya 1969 ilivuja

Waalaykum salaam mwanangu,

Ile voisi yako ya jana niliisikiliza barazani umeme ukiwa umekatika, na mama yako alikuwa pembeni kwahiyo kasikia yote. Umeniuliza, baba we ni fundi, hivi kweli watu walifika mwezini 1969 afu leo na kompyuta zote hizi roketi inaahirishwa kisa gesi inavuja, si waseme tu ukweli kwamba hawakwenda. Mama yako kacheka. Mi sikucheka, mana mambo ya kuvuja ndo yaliyokusomesha wewe, miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha barafu nakimbizana na amonia, ile gesi ya kugandishia, usiku na mchana ili wavuvi wa Deep Sea hapa Tanga asubuhi wakute barafu.

Sasa sikiliza. Hiyo ya 1969 unayoisifia nayo ilivuja. Tena siku yenyewe ya safari, tarehe 16 Julai, valvu ya kujazia haidrojeni, ambayo ndo mafuta yake, kwenye kipande cha tatu cha roketi, kile cha juu, ilianza kuvuja, ikabidi mafundi wapande juu kule wakakaze boliti, na saa tatu na dakika 32 asubuhi kwa saa za Florida kina Armstrong wakaondoka. Watu wanakumbuka nyayo tu, spana haikumbukwi na mtu.

Afu uje 2022, Artemis I, safari ya kwanza ya mpango mpya wa Marekani wa kurudi mwezini, ambayo haikuwa na mtu ndani. Tarehe 29 Agosti wakaahirisha kwa sababu sensa ilisema injini moja haijapoa vizuri, kumbe sensa yenyewe ndo mbovu (hili limenitokea mara ngapi, geji inakudanganya unafungua mashine nzima bure). Tarehe 3 Septemba wakajaribu tena, haidrojeni ikavuja pale bomba la chini linaposhikana na roketi. Wakakaa sawa, kikaja kimbunga, wakairudisha ndani, na kuirudisha sio kama kurudisha bajaji, lile gari linaloibeba lilitengenezwa miaka ya 1960 na likiwa na mzigo linatembea kama kilomita moja na nusu kwa saa, mzee mwenye mkongojo anakupita. Ndo mpaka usiku wa tarehe 16 Novemba, na hapo hapo tena valvu ikavuja, wakapelekwa mafundi watatu mpaka chini ya roketi ya mita 98 ambayo ishajazwa mafuta, inalia na kutoa moshi wa baridi juu ya vichwa vyao, wakakaza nati wakaondoka. Saa saba na dakika 47 usiku ikaruka. Mi nikisoma habari za mwezi hao watatu ndo nawawaza kuliko wanaanga, usinicheke.

Kwanini inavuja sasa. Amonia yetu inachemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri na tulikuwa tunaiona ni mkorofi. Haidrojeni yao, iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, ni nyuzi 253 chini ya sifuri. Chuma kikipigwa na baridi hiyo kinasinyaa, gasketi inakuwa ngumu kama kigae, kwahiyo flenji, yale maungio ya bomba, uliyoikaza ikiwa ya moto ukaipima ukaona safi kabisa, ikipoa inaachia. Huwezi kujua mpaka ujaze. Na hiyo haidrojeni ndo gesi nyepesi kuliko zote, chembe zake ndogo sana, inapita pale ambapo amonia ingekwama. Afu amonia angalau inanuka, tena ukiwasha kijiti cha salfa ukakipitisha kwenye maungio moshi unakuwa mweupe mzito unajua ni hapa. Haidrojeni haina harufu, haina rangi, hata moto wake mchana huuoni vizuri. Kwahiyo mafundi wa roketi wanajaza kila kitu kama siku ya safari kweli, wanahesabu mpaka karibu na sifuri, wanasimama, wanamwaga. Hilo watu mtandaoni wanaliita kufeli.

Halafu kuna jambo sikuwahi kukwambia, nadhani ulikuwa darasa la tatu. Siku moja nilifungiwa koldirumu, kile chumba cha baridi cha kiwandani. Mlango ule ulikuwa na kitasa cha ndani cha kusukuma, kilikufa, tukaripoti, tukaambiwa subirini spea, na kila siku watu wanaingia na kutoka. Nilikaa kama dakika arobaini nagonga na kipande cha bomba mpaka mpakiaji mmoja akasikia. Mama yako nilimwambia nimechelewa kazini.

Ndo mana habari ya Apollo 1, ya mpango ule ule uliowafikisha mwezini, siwezi kuisoma nikamaliza. Tarehe 27 Januari 1967, wanaanga Grissom, White na Chaffee wamefungiwa kwenye chombo chao juu ya roketi, ni mazoezi tu, roketi haina mafuta hata tone kwahiyo jaribio halikuhesabiwa la hatari. Ndani wamejaza oksijeni tupu, tena kwa presha iliyozidi ya nje. Ikatokea cheche, na kwenye oksijeni namna ile karibu kila kitu kinawaka. Mlango wa ndani ulikuwa unafungukia ndani, na moto umepandisha presha inaukandamiza, hata wanaume kumi wasingeuvuta. Wakafa wote watatu, chombo kiko ardhini. Ikachukua miezi 20 na zaidi kabla hawajarusha watu, na katika muda huo mlango ukabadilishwa ukafungukia nje kwa sekunde chache, na hewa ya pale uwanjani ikachanganywa naitrojeni. Walikuwa na watu laki nne wanafanya kazi hiyo, na mwaka 1966 katika kila shilingi mia ya bajeti ya serikali ya Marekani zaidi ya shilingi nne ilikwenda huko. Leo haifiki hata senti hamsini. Hilo nalo liweke kwenye hesabu zako unapouliza mbona zamani walikuwa wepesi.

Na wakati mwingine tatizo ni gesi kushindwa kutoka. Ile Artemis I iliporudi Desemba 2022 ilipiga hewa kwa kama kilomita 40,000 kwa saa, ikazama, ikapanda kidogo, ikazama tena, kama kigae mlichokuwa mnarusha ufukweni Raskazone kinaruka juu ya maji. Wakakuta ngao ya joto, inayokinga chombo kisiungue, imebanduka vipande sehemu zaidi ya 100. Wakachunguza mpaka mwisho wa 2024 ndo wakasema, gesi ilizalishwa ndani ya ngao ikakosa pa kupumulia ikapasua. Wangekuwemo watu wangepona, walisema hivo, lakini wanaanga wa safari iliyofuata, Artemis II, kina Wiseman, Glover, Koch na Hansen, walishatajwa toka Aprili 2023 na wakawa wanasubiri majibu huku wanafanya mazoezi, kutoka kwenye chombo kikielea baharini, kukimbilia vile vikapu vya waya vya kuwashusha toka juu ya mnara. Yaani sehemu kubwa ya mazoezi ni namna ya kutoka. Ningekuwa mimi ningeanza na kugusa kitasa.

Kwahiyo walifika, mwanangu, mara sita mpaka Desemba 1972, na walivuja.

Ukija Idi niletee mpira wa mlango wa friji ya mama yako, ule wa milango miwili, hapa Tanga nimezunguka Ngamiani yote sijapata. Pima kabla hujanunua. Sa hivi nimeufunga kwa kamba na kila nikiamka usiku nakuta barafu imetiririka mpaka kwenye mkeka.

Baba yako