Fundi Tuulizane: Nimepewa ukaguzi wa kengele za moto, nijifunzeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni fundi umeme nimemaliza VETA, sa hivi niko na kampuni inayohudumia mahoteli hapa Dar. Bosi kanipa upande wa kengele za moto, ila kusema kweli ninachojua ni kupuliza sensa na ile spreyi ya moshi, ikilia natiki fomu tunaondoka. Paneli ikionyesha folti, yani hitilafu, wenzangu wanaizima sauti tu, basi. Nataka niijue hii kazi kweli kweli na kozi za nje siziwezi bei. Nianzie wapi?
Fundi wa Temeke

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimefurahi umeuliza, maana kuna watu wanalala kwenye hayo majengo wakitegemea hiyo tiki yako.

Anza na hizo folti mnazozizima sauti, hapo ndo kuna shule yenyewe. Kwenye paneli za zoni, zile zinazogawa jengo kwa maeneo kila eneo na laini yake, mwisho wa kila laini kuna risista, kile kidude kinachozuia umeme kiasi, paneli inapitisha umeme kidogo kwenye waya na ikiiona ile risista inajua waya ni mzima, waya ukikatika au mtu aking'oa sensa inapiga folti. Kwaiyo omba ruhusa, fungua laini katikati, pima kwa mita ujue upande upi mbovu, gawa tena, mpaka unafika kwenye tatizo lenyewe, na huku pwani mara nyingi unakuta maji ya AC yamedondokea kwenye kitako cha sensa au skrubu zimeliwa na kutu. Ila mega, kile kipimo cha volti kubwa cha kupima insulesheni ya waya, usiipige wakati sensa zimefungwa kwenye laini, utaziunguza.

Sasa kuna mafundi wanachukua ile risista wanaifunga ndani ya paneli hapo hapo, taa ya folti inazimika, mteja anafurahi, kumbe ghorofa zima halina ulinzi! Zoni isiyotumika sawa, risista inakaa kwenye paneli, lakini zoni yenye sensa ukiikuta hivyo iandike kwenye ripoti, na bosi akikwambia ufanye hivyo kataa. Hili linaniuma sana, ni kumdanganya mtu aliyelala.

Kingine ni betri. Zile mbili za volti 12 zimefungwa mfululizo kupata 24, ukizipima zimetulia zinaweza kusoma vizuri tu alafu zikipewa mzigo zinaanguka. Kata umeme wa TANESCO kwenye paneli, liza ving'ora, angalia volti zinavyoshuka. Kiwango cha Uingereza, BS 5839-1, ambacho utakikuta kimetajwa kwenye manyuali nyingi, kwa kawaida kinataka betri ibebe mfumo masaa 24 alafu bado iweze kuliza ving'ora nusu saa. Hicho hicho kinataka sauti ifike desibeli 65 maeneo ya kawaida na 75 pale kwenye mto wa kitanda, mlango ukiwa umefungwa, yani usipimie koridoni ukaandika chumba kiko sawa.

Kabla ya kuliza chochote waambie mapokezi na walinzi, na uliza lifti na gesi ya jikoni zimeunganishwaje na paneli. Kuna jedwali linaloonyesha sensa gani ikishika moto, kitu gani kinatokea, liombe, kaa nalo usome, maana kengele inaweza kulia vizuri na lifti isishuke chini kama inavyotakiwa.

Kuhusu bei usijali sana. Manyuali za paneli nyingi zinapatikana bure kwenye tovuti za watengenezaji, soma ya paneli unayoihudumia mpaka uwe unajua kila taa. Tafuta paneli ndogo iliyotumika, sensa mbili na king'ora, funga kwenye ubao nyumbani, mwambie mwenzako akufichie folti uitafute. Na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wakija kukagua hoteli, omba kutembea nao, uliza maswali yote, hata yale unayoona ni madogo.

Alafu nitumie picha ya hiyo paneli yenye folti, modeli yake isomeke, tuendelee toleo lijalo.