Corolla DX ya marehemu baba: niweke injini gani?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Toyota Corolla DX, KE70 ya mwaka 1982, niliyoachiwa na marehemu baba. Injini ni 4K, gia boksi ya mkono, gia tano. Mwezi uliopita napanda mlima wa Kitonga kwenda Iringa na familia, ikaanza kugonga kwa chini. Tulifika kwa kudra za Mungu, gari likarudi Morogoro juu ya lori. Fundi wa kwanza anasema niweke 4A-FE ya Corolla 100, wa pili 1NZ ya IST, wa tatu 3Y ya Hiace, na wa nne 5K ya Townace. Nimejikusanyia milioni mbili na nusu. Gari ni la kwendea kazini, na Iringa mara tatu kwa mwaka. Sina mashindano na mtu, nataka tu lipande Kitonga bila kunitia aibu. (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Pole sana, Mwalimu. Kati ya mafundi wako wanne, msikilize huyo wa Townace. Wengine watatu si kwamba hawajui injini. Injini walizozitaja ni nzuri. Ila gari lako haliulizi injini nzuri ni ipi, linauliza ipi itakaa.

Fungua boneti uangalie. Injini yako imekaa kwa urefu wa gari, feni inatazama rejeta, nyuma yake gia boksi, kisha propela shafti inakwenda hadi kwenye difu ya nyuma. Kwenye Corolla 100 na IST injini imekaa kwa upana, imeshikana na gia boksi inayozungusha matairi ya mbele. Ukiinunua injini ya namna hiyo umenunua nusu ya kitu, na nusu nyingine itabidi uitengeneze mwenyewe.

Nilishaipitia hiyo njia. Kijana mmoja alituletea DX kama yako, na 4A-FE imelala nyuma ya pikapu, ameshalipia. Injini safi, cc 1587, akiiwasha chini inanguruma vizuri. Tulipoishusha mahali pake, distribyuta, ambayo kwenye Corolla 100 iko upande wa gia boksi na haimsumbui mtu, ikawa inagusana na ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Bomba la maji ya moto nalo linatokea upande huohuo. Tukagonga ukuta kwa nyundo mpaka ukaingia ndani, na bado kofia ya distribyuta ilikuwa haitoki bila kulegeza injini. Halafu gia boksi: ile ya 4K haishikani na 4A, matundu ya bolti hayaoani. Toyota waliwahi kutengeneza gia boksi inayozifaa injini za 4A kwenye magari ya kuvuta nyuma, inaitwa T50, lakini kuipata hapa kwetu ni kama kuokota sarafu barabarani. Tukachongesha bamba la chuma la kuunganishia.

Hapo hatujagusa mafuta. DX yako ina kabureta na pampu ndogo inayosukumwa na injini yenyewe, presha yake kidogo tu. 4A-FE inapuliza mafuta kwa nozeli, inataka presha ya karibu psi 40 (kipimo cha presha) muda wote, kwa hiyo pampu ya umeme, mpira unaostahimili presha, na njia ya kurudisha mafuta kwenye tangi. Tangi la DX halina vizuizi vya ndani kwa kazi hiyo. Likiwa robo na ukakata kona kwa kasi, pampu inavuta hewa na gari linakohoa. Juu yake kuna kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, na waya zake zote. Gari lile lilikaa kwetu miezi saba. Lilipotoka lilikuwa linakimbia kweli, sikatai. Kijana aliliuza kabla ya mwaka kuisha.

1NZ ni hadithi hiyohiyo na zaidi, kwa hiyo sitairudia. 3Y ya Hiace angalau imekaa kwa urefu na ina gia boksi yake, lakini ni cc 1998, chuma kizito, na uzito wote huo unalalia mbele ya kigari kilichoundwa kubeba 4K. Springi za mbele zitalala, usukani utakuwa mzito, na breki zako hazitaijua hiyo kazi. Kitonga utapanda. Kuteremka ndiko ninakokuhofia.

Kama ungeniambia unataka lazima injini isiyo na kabureta, ningekuelekeza kwenye Toyota Cami. Ile injini yake ya K3-VE, cc 1297, imekaa kwa urefu na ni nyepesi. Lakini Cami nyingi zilizoingia huku ni za otomatiki na za kuvuta matairi yote manne, utabaki unatafuta gia boksi ya mkono isiyo na boksi la pili la kugawa nguvu mbele na nyuma. Kwa milioni mbili na nusu, achana nalo.

Sasa 5K. Hii ni ndugu wa tumbo moja na 4K yako. Pistoni ya 4K ina kipenyo cha milimita 75 na inatembea milimita 73. Ya 5K inatembea milimita 73 hizohizo, ila kipenyo ni 80.5. Hapo ndipo cc 1290 zinapokuwa 1486, nyongeza ya karibu asilimia 15, na kwa nje injini ni ileile. Gia boksi yako inashikana nayo bila bamba la kuchonga. Propela shafti haikatwi, mkono wa gia unabaki palepale, na mafuta yanaendelea na kabureta na pampu yake ya zamani. Kwenye mlima nyongeza hiyo utaisikia hasa ukiwa gia ya tatu, pale ambapo 4K huanza kukuomba ya pili.

Lakini usidhani unaitoa kwenye Townace na kuidumbukiza tu, na hapa naomba umsomee fundi wako. Kwenye Townace na Liteace injini iko chini ya viti vya mbele, na ili ienee pale Toyota waliilaza upande. Sampu yake (bakuli la oili chini ya injini) imeundwa kwa ulalo huo, bomba la kunyonyea oili limekunjwa kufuata sampu, na manifoldi ya kuingiza hewa imechongwa ili kabureta ikae sawa injini ikiwa imelala. Ukiisimamisha injini hiyo wima ndani ya DX na manifoldi yake, kabureta ndiyo inayolala. Boya la ndani linakaa upande, kiwango cha petroli kinadanganyika, gari linafurika mafuta kona za upande mmoja na kukosa kona za upande mwingine, na fundi atahangaika na skrubu ya sailensa (ya mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) wiki nzima bila kupata jibu.

Kwa hiyo ile 4K iliyokufa usiiuze chuma chakavu, kuna vitu vinne vyake unavihitaji: sampu, bomba la kunyonyea oili, mikono na mipira inayobeba injini, na manifoldi pamoja na kabureta yake. Ukishavihamisha, kijiti cha kupimia oili nacho hakikisha ni cha sampu unayoitumia. Nimeona mtu amejaza oili hadi alama ya juu ya kijiti cha Townace, akazidisha, sili ya nyuma ikaanza kumwaga. Kabla ya kufunga manifoldi, chukua gasketi mpya, iweke kwanza kwenye silinda hedi ya 5K halafu kwenye manifoldi ya 4K, uone matundu yanaangaliana. Kama ukingo umeingia kidogo tundoni, unasuguliwa kwa tupa, ni kazi ya nusu saa.

Nyuma ya injini kuna mtego mwingine. Ikiwa injini imetoka kwenye gari la otomatiki, itakuja bila flaiwili ya klachi, na mara nyingi kile kibearingi kidogo cha katikati ya mkia wa kranki shafti, kinachoshikilia ncha ya shafti ya gia boksi, hakimo. Fundi asiyekikumbuka atafunga kila kitu, gari litatembea, na baada ya miezi michache gia boksi itaanza kulia ukikanyaga klachi. Ingiza kidole ukiangalie. Flaiwili, sahani ya klachi na kifuniko chake vichukue vikiwa seti moja, halafu uhesabu meno ya katikati ya sahani na ya shafti yako kabla hujalipa.

Ziko 5K zenye tapeti (vipande vinavyosukuma vali) zinazojazwa oili na ziko za tapeti za kawaida zinazopimwa nafasi yake kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia. Zote zinafaa. Kosa ni kuchanganya: fito za kusukumia vali za injini moja zikapelekwa kwenye nyingine kwa kuwa "zinafanana". Chukua injini ikiwa na silinda hedi yake na fito zake. Na muuzaji akikuletea 5K yenye rangi ya kijivu iliyopakwa hadi kwenye boltini, muulize kama haijatoka kwenye foklifti, maana Toyota waliifunga 5K huko pia. Ya foklifti imewekewa kidhibiti mwendo, imetumika masaa mengi kwa mzunguko mdogo kwenye vumbi la maghala. Inaweza kuwa nzima, ila isiuzwe kwa bei ya iliyotoka Japani kwenye gari.

Kununua, shuka Dar, Ilala au Gerezani, uende na fundi wako. Injini iliyooshwa ikang'aa usiipende haraka. Bora yenye vumbi na grisi ya zamani kuliko iliyopakwa rangi jana. Fungua kifuniko cha oili, tazama chini yake. Utando wa kahawia mzito ni uvivu wa kubadilisha oili, utando kama maziwa ni maji yaliyoingia. Chomoa plagi zote nne uzipange chini kwa mfuatano wake. Kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, plagi zote zikiwa nje na kabureta imefunguliwa wazi, stata izungushe mara tano au sita kila silinda. Mimi naikataa injini ya namna hii kama kuna silinda chini ya psi 120, au kama ya juu na ya chini zimeachana zaidi ya asilimia 15. Silinda ikiwa dhaifu, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni vali au gasketi ya silinda hedi, na hiyo naweza kuizungumza bei. Muuzaji akikwambia hapa hatupimi, ondoka, maduka yapo mengi.

Nina swali moja ambalo mafundi wako hawakulijibu: wameshusha sampu? Kugonga kwa chini injini ikiwa na mzigo mara nyingi ni bearingi za konrodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na kranki shafti. Kuna wakati kranki shafti inachongwa saizi ya kwanza, bearingi mpya zinaingia, na 4K inaishi tena kwa pesa ndogo kuliko injini yoyote niliyoitaja. Sampu ishushwe kabla hujapanda basi la Dar. Ukikuta shafti imeliwa hadi rangi ya bluu na vipande vya chuma vimejaa chini, basi 5K. Ukikuta mchubuko tu, rudi kwangu tuongee upya, ingawa najua moyo wako tayari uko Kitonga.

Katika milioni zako mbili na nusu, usitumie yote kununua injini. Mimi ningeigawa nusu kwa nusu, kwa sababu rejeta lazima ifunguliwe na kuzibuliwa, mipira ya maji ibadilishwe yote, na termostati (vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) iwemo. Wapo watakaokwambia uitoe ili injini ipoe. Usiwasikilize, maana bila hiyo injini inachelewa kupata joto lake asubuhi. Breki za mbele weka pedi mpya na ufungue ngoma za nyuma uone silinda hazivuji. Kushuka, shuka na gia uliyopandia.

Kuhusu karatasi: kadi ya gari imeandikwa namba ya injini ya 4K na ukubwa wake. Dai risiti ya duka yenye namba ya injini iliyogongwa kwenye bloki, uilinganishe na bloki kwa macho yako, kisha upeleke mabadiliko TRA (mamlaka ya mapato Tanzania) na uiarifu bima. Msomaji wa Kenya mwenye DX afanye hivyohivyo NTSA, mamlaka ya usafiri ya huko. Na kwa kuwa gari ni la marehemu, kama kadi bado ina jina la mzee, anza na mirathi na uhamisho wa jina kwanza, vinginevyo utapanga foleni mara mbili.

Siku ya kuiwasha, chomoa waya wa koili, zungusha kwa stata mpaka taa ya oili izime, ndipo uurudishe. Endesha kilomita 500 ndani ya mji, mwaga oili ikiwa ya moto, na uipitishe kwenye kitambaa cheupe uone imebeba nini.