Dagaa wa giza na mshahara wa tarehe 25

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, nimepanga chumba Gungu na ni karani hapa mjini Kigoma tangu Januari. Kwenye simu nina programu 3: ya bajeti, ya kupanga kazi za siku na ya kuhesabu chakula. Kila jioni naandika nilichotumia, na matumizi ya mwezi uliopita nakuambatanishia. Hata hivyo ikifika tarehe 15 nimebaki na nauli tu, nakula chipsi kavu. Programu ya chakula inaniambia nile brokoli. Nyumbani tumekulia ugali wa muhogo, dagaa na mawese, lakini mwenzangu kazini anasema mawese yataniharibu moyo. Nifanyeje? – Karani, Gungu

JIBU: Marahaba mwanangu. Matumizi yako nimeyapitia mstari kwa mstari. Mafuta ya kupima ya shilingi 500 kila jioni: kwa siku 30 hiyo ni 15,000. Dagaa wa 1,000 kila siku, na fungu limeandikwa dogo, kubwa, dogo, dogo. Hukujiuliza kwa nini siku nyingine 1,000 hiyohiyo inakupa fungu kubwa?

Ni mwezi. Siyo huu wa mshahara, ule wa angani. Dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mvuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa wanaifuata, nyavu zinawazunguka. Mbalamwezi ikitanda ziwa zima linakuwa na mwanga, taa ya mvuvi haiwavuti tena, na ndiyo maana siku hizo utaona mitumbwi imepumzika Kibirizi na watu wamekaa wanashona nyavu. Dagaa wanapungua, bei inapanda. Giza likirudi, wanarudi na dagaa.

Sasa wewe unalipwa tarehe 25. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo giza halikai tarehe moja ya kalenda ya ofisini. Mwezi mmoja litaangukia karibu na mshahara, baada ya miezi kadhaa litaangukia siku ambazo mfuko wako umeshakauka. Programu ya bajeti haijui hilo, mwanangu. Imetengenezwa kwa mtu ambaye chakula chake kina bei ileile Jumatatu na Ijumaa.

Sisi Ujiji tunatumia kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu pembeni, zinazofuata mwezi wa angani, hata jirani zangu Wakristo wanaitazama. Tarehe 14 na 15 za Kiislamu mwezi ni mpevu, kaa mbali na dagaa, kula maharage. Tarehe 27, 28, 29 mpaka zile za mwanzo ni giza. Chukua simu yako, tia siku hizo kwenye kalenda yake na kengele ilie. Hiyo kazi simu inaiweza vizuri. Programu ya kuhesabu chakula ifute. Siku ya mshahara tenga pesa ya dagaa wa mwezi mzima, itie kwenye kibubu, isibaki kwenye simu ambako utainunulia bando. Usiiguse mpaka giza. Hapo nunua sado nzima, ile ndoo ndogo ya kupimia, siyo fungu.

Ukiwafikisha nyumbani, waanike tena siku nzima juani hata kama muuzaji ameapa kwamba ni wakavu, kisha watie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Kwenye mfuko wa nailoni wanatoa jasho na kuota ukungu. Nimewahi kutupa sado mbili kwa sababu hiyo na iliniuma sana. Na ujaze ndoo kabla mvua za Oktoba na Novemba hazijaanza, maana mvua ikishika dagaa hawakauki vizuri. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi 3, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, ndoo yangu ndiyo iliyotulisha mimi na wajukuu.

Kuhusu mawese, mwenzako ana sehemu ya ukweli. Karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayoganda, na hiyo ikizidi haifai kwa moyo. Basi nunua kidumu, uache ya kupima, na upime kwa kijiko, usimimine. Lakini ule wekundu wake ndio mwili unaogeuza kuwa vitamini A. Wengi wetu huyachoma jikoni mpaka yawe meupe ili harufu itoke, na wekundu wote unakwenda na moshi. Miaka mingi nimewapikia wanangu hivyo, na najuta. Siku hizi nayapasha tu, naweka kitunguu, kisha kisamvu kilichotwangwa na kuchemka sana, dagaa juu. Dagaa unamla na mifupa yake, na humo ndimo mna madini ya mifupa yako. Brokoli waachie wanaoilima.

SWALI: Shangazi, sokoni kuna dagaa wa mchangani, walioanikwa chini, na wa chanja, walioanikwa juu ya kichanja. Wa chanja ni ghali zaidi. Nina watoto 3, ninunue dagaa gani? – Mama, Mwanga

JIBU: Wa chanja, mdogo wangu. Chukua wa mchangani gao moja, watie kwenye bakuli la maji, wakoroge kwa mkono, wainue, kisha inamisha bakuli taratibu. Utaona mchanga umelala chini kama unga. Ukinunua kwa kilo, huo umeulipia. Ukiwaosha mara nne ili wasisagike menoni, vichwa vinakatika na unavimwaga. Wa chanja huoshwa mara moja.

Ila usiamini neno chanja peke yake. Ingiza mkono katikati ya gunia, siyo juu, toa wachache, wabane kiganjani. Mkavu anavunjika na unamsikia. Akijikunja bila kuvunjika, mrudishe hata kama umeshapatana bei. Tazama na tumbo: likiwa limepasuka na rangi imekuwa ya kahawia, alianza kuoza kabla jua halijampata.