Barua kwa mwanangu: sigara mbili kwenye mkebe

Mwanangu,

Simu yako ya Jumapili imeninyima usingizi. Umefungua mkebe wa hesabu wa mjukuu wangu ukitafuta bikari, ukakuta sigara mbili zimelala kando ya rula. Ukaniuliza: "Mama, msichana wa miaka 15, hajakosa kitu nyumbani, sigara ya nini?" Nikakuambia nitakuandikia. Kumbe nilikuwa natafuta moyo wa kukwambia kwamba hata mimi nilivuta.

Ilikuwa 1977, niko kidato cha pili, shule ya bweni. Nyuma ya kamba za kuanikia nguo walikuwa wakikaa dada wanne wa kidato cha nne, tukiwaogopa na kuwahusudu. Siku moja mmoja wao, ambaye hata shikamoo yangu hajawahi kuiitikia, akaniita kwa jina. Akanipa kipisi kimelowa mate. Nikavuta, nikakohoa mpaka machozi, kichwa kikazunguka nikashika mti. Walicheka, lakini hawakunifukuza, na jioni ile nilikula meza moja nao. Kwa ladha ile peke yake nisingerudi hata kwa bakora. Nilirudi kwa sababu niliitwa jina. Tulikuwa tunatafuna majani ya mpera kuua harufu, halafu tunaingia prepo tunajiona watu wazima.

Matroni aliponinasa nilichapwa mbele ya shule nzima. Usiku huo wale dada wakanipa sigara nzima, siyo kipisi. Ndiyo maana nakuomba fimbo uiweke kando, na baba zake wadogo usiwahadithie.

Wale dada walimaliza shule wakaenda zao, mimi nikabaki na sigara. Nilikuja kuelewa nikiwa muuguzi: nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde kama 10 tu, na ubongo wa umri ule bado unajengwa, unazoea upesi kuliko wetu. Niliacha mara mbili nikarudia. Ya tatu ilikuwa 1984, nina mimba yako. Bibi yako amekufa hajui.

Kwa hiyo usianze na "nani kakupotosha?" Kila mama anamtafuta huyo rafiki mbaya, na mama wa rafiki naye sasa hivi anamtafuta wako. Muulize walikuwa wapi, walikuwa wakiongea nini, alijisikiaje. Pesa usisumbuke nayo: dukani wanauza moja moja, chenji ya daladala inatosha.

Msikilize pia anavyousema mwili wake. Wodini nimewasikia wasichana wakinong'onezana kwamba sigara inakata hamu ya kula, utakuwa mwembamba. Hilo wafanyabiashara walilijua zamani. Mwaka 1928 huko Marekani, kampuni ya sigara za Lucky Strike iliwatangazia wanawake wachukue sigara badala ya pipi. Mwaka uliofuata, siku ya Pasaka, Edward Bernays, mtaalamu wa uhusiano wa umma aliyekuwa akilipwa na kampuni hiyohiyo, alipanga wasichana wapite barabara ya Fifth Avenue, New York, wakivuta mbele za watu, na sigara zile zikaitwa mienge ya uhuru. Niliposoma nilicheka peke yangu. Sisi Mwenge wetu tuliukimbiza, wenzetu wakapewa wa kuvuta!

Akikwambia kwamba sigara hajaizoea, yeye hujaribu shisha tu, ile yenye ladha ya tofaa, na kwamba maji yanachuja, usimkubalie. Maji yanaupoza moshi, sumu inabaki palepale, na mkaa ule juu unaongeza yake. Serikali iliipiga marufuku 2016, lakini marufuku haiingii kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yake.

Shule zikifungwa mpandishe basi aje Tanga. Na ule mkebe aje nao. Habari yangu usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Mama yako